Msumari Mahali pa Fyuzi

Mwezi uliopita, ofisini kwetu hapa Bukoba, waya wa ekstensheni uliungua chini ya meza. Haukuwa moto wa kutisha. Mwenzangu alichomoa plagi, akafungua madirisha, tukacheka, chai ikaendelea. Lakini ile harufu ya mpira unaoungua, kali, yenye utamu mbaya unaong'ang'ania kooni, ilinikalisha kitini mpaka saa sita mchana nikiwa sijaandika hata mstari mmoja. Wakaniuliza kama naogopa moto. Nikasema ndiyo, maana hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu nawapa ninyi, kwa kuwa wengi wa waliohusika wamekwisha kufa, na mimi nimechoka kulitunza peke yangu.

Nilizaliwa Kishanda, wilaya ya Muleba, katika kibanja cha migomba na kahawa kilichotoka kwa babu wa babu yangu. Baba tulimwita Tata, kama watoto wote wa Kihaya wanavyowaita baba zao. Jina lake lilikuwa Anakleti, na watu wazima walimwita Ta Anakleti, kwa heshima. Heshima hiyo aliipenda kama watu wengine wanavyopenda nyama. Alikuwa kiongozi wa kigango chetu. Jumapili ambazo padri hakufika, na zilikuwa nyingi, yeye ndiye aliyesimama mbele kuongoza ibada, kanzu yake nyeupe imenyooshwa kwa pasi ya mkaa hadi mikunjo ya mikono ikasimama kama kisu. Sauti yake ilikuwa nzuri. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba Mungu anapozungumza, anazungumza kwa sauti ya Tata.

Tena alikuwa na gari.

Ilikuwa pikapu ya dizeli iliyokuwa imeshazeeka kabla haijafika kwetu. Tata aliapa kwamba rangi yake ni nyeupe, ingawa mimi sikuwahi kuiona na rangi nyingine zaidi ya ile ya udongo wetu mwekundu. Ilibeba ndizi na kahawa kwenda Buganguzi na Muleba mjini, ilibeba maharusi, wagonjwa na majeneza, wakati mwingine katika juma moja. Kasoro yake ilikuwa moja, na ilijulikana kata nzima: haikuweza baridi.

Wasioijua Kishanda hudhani baridi ni ya nchi nyingine. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unapanda kutoka mabondeni na kukaa juu ya migomba mpaka saa tatu, majani yanadondosha maji kana kwamba mvua imenyesha, na ukitoka nje pumzi yako unaiona. Asubuhi kama hizo Tata aligeuza ufunguo, stata ikazunguka na kulalamika, moshi mweupe ukachungulia nyuma kidogo, basi. Kwa hiyo aliizoeza kulala kwenye mteremko, jiwe chini ya tairi, ili asubuhi majirani waisukume. Na mama alfajiri alibandika sufuria kubwa la maji. Yakichemka Tata aliyamwaga polepole juu ya injini. "Pikapu ya Ta Anakleti inakunywa uji kabla ya watoto wake," majirani walisema, na walisema kweli, maana sufuria lilikuwa hilo hilo moja.

Aliyeiponya ni baba mdogo Projesti.

Projesti alikuwa mdogo wa mwisho wa Tata, kitinda mimba wa Bibi. Alipelekwa seminari akiwa kijana, na Tata akatangaza kanisani kwamba ukoo wetu nao utatoa padri. Baada ya miaka miwili Projesti akarudi nyumbani na sanduku lake, bila maelezo. Tata hakulisahau hilo hata siku moja. Projesti akaenda Bukoba, akapanga chumba Kagondo, akaingia gereji na kujifunza ufundi kwa kutazama na kuuliza. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa mwembamba, mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa grisi hata siku ya Krismasi. Bibi alipenda kuvishika vile vidole na kuvitazama, akisema, "Hivi vinafanya kazi."

Nilikuwa na miaka tisa alipokuja kumsalimia Bibi mwezi wa sita na kutukuta tunasukuma pikapu. Gari lilipowaka na kwenda, akasubiri lirudi, kisha akaomba ufunguo na kufungua boneti. Mimi nilisimama pembeni yake nikiuliza kila kitu, na yeye, tofauti na watu wazima wote niliowajua, alijibu.

Alitoa kwenye injini vijiti vinne vya chuma, vyembamba kama kidole changu, ncha zake zimeota masizi. "Hizi ni plagi za hita," akaniambia. "Gari la petroli linawashwa kwa cheche. Dizeli haitaki cheche, inataka hewa ya moto sana. Injini ikilala nje kwenye ukungu huu, chuma kinanyonya joto lote. Basi hivi vijiti vinapasha moto mle ndani kwanza, kabla ya stata."

Alikishika kimoja kwa koleo, akakiunganisha na betri kwa kipande cha waya. Ncha ikawa ya kahawia, ikawa nyekundu, ikawaka kama kaa linalopulizwa. Nilipiga makofi.

"Sasa mbona gari haliwaki?" nikauliza.

"Plagi ni nzima. Kilichokufa ni kile kinachozipelekea umeme."

Kile kifaa cha gari chenyewe, kilichopima baridi na kuhesabu muda, kilikuwa kimekufa siku nyingi, na kingine Bukoba nzima hakikuwepo. Kwa hiyo Projesti alitengeneza njia yake. Siku mbili alilala chini ya pikapu hiyo. Alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi ndani ya kiboksi cheusi kando yake, kisha rilei, kidude kidogo kama kiberiti kinachosema "tak" kikipokea umeme, kisha plagi zote nne. Kutoka kwenye rilei aliingiza waya mwembamba hadi ndani, na mwisho wake, chini ya dashibodi, akafunga kitufe. Kitufe chenyewe kilikuwa cha kengele ya mlango wa nyumba, cheupe, kimechorwa kengele ndogo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alisema sasa tutapiga hodi kwa gari letu wenyewe.

Asubuhi ya tatu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba zizi la ng'ombe halikuonekana. Projesti alinikalisha katikati ya kiti, Tata kwenye usukani. "Bonyeza, Koku. Hesabu polepole mpaka kumi na tano, halafu achia." Nilibonyeza. Nilisikia "tak" huko mbele. Nikahesabu kwa Kihaya, emo, ibili, ishatu, kwa sababu namba za Kiswahili zilikuwa za shule. Nilipoachia, Tata akageuza ufunguo, na injini ikashika mara moja, bila kulalamika, ikanguruma sawasawa kama ya gari jipya. Bibi alipiga vigelegele akiwa mlangoni. Mama akayachukua maji yaliyokuwa jikoni akayakorogea uji.

Tata alisema "Mh." Hiyo ndiyo shukrani aliyompa mdogo wake. Lakini mimi alinishika kichwa na kuniita "Mwalimu wa hesabu," na tangu siku hiyo nikawa Mwalimu. Kila asubuhi kabla ya shule nafasi ya katikati ilikuwa yangu, kitufe kilikuwa changu, na hakuna mtoto Kishanda aliyekuwa na cheo kikubwa kama hicho.

Kabla hajaondoka, Projesti alituita sote wawili mbele ya boneti iliyo wazi.

"Kaka, isizidi ishirini. Ukizidisha ncha zinaungua. Na hii fyuzi ndiyo mlinzi wa kila kitu. Ikikatika, ujue kuna mahali waya unagusa bodi. Nimekuachia mbili za akiba. Lakini zikikatika hizo, usiweke kitu kingine chochote. Msukume gari kama zamani, unitumie ujumbe kwa dereva yeyote anayekuja Bukoba. Nitakuja siku hiyo hiyo."

"Unanifundisha gari langu?" Tata akauliza.

"Sikufundishi, kaka. Nakuomba."

Mwaka mzima gari liliwaka kama mshumaa. Majirani walikosa la kusema. Halafu msimu wa baridi uliofuata, asubuhi moja nilibonyeza na sikusikia "tak" wala injini haikushika. Fyuzi ilikuwa imekatika. Tata akaweka ya kwanza ya akiba. Baada ya juma moja nayo ikakatika, akaweka ya pili. Hiyo haikumaliza siku tatu.

Ilikuwa Jumapili. Kwaya yetu ilikuwa imealikwa Buganguzi kwenye sherehe ya parokia, na wanakwaya walikuwa wameshapanda nyuma, akina mama wamevaa sare za kitenge, wanapashana sauti. Tata alikuwa na kanzu yake mkononi kwenye hanga. Alitazama ndani ya kile kiboksi, kisha akawatazama wanakwaya. Najua sasa alichokuwa anafikiri. Angewaomba washuke wasukume, na wangesukuma kwa furaha, na wangecheka, na utani wa uji ungefufuka siku hiyo hiyo na kumfuata hadi Buganguzi mbele ya padri.

"Koku," akasema kwa sauti ndogo, "niletee msumari."

Nilikimbia ndani. Mama aliweka misumari kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilichagua mzuri, mpya, usio na kutu, kwa sababu nilitaka Tata aone kwamba najua kuchagua. Akaupinda kwa koleo na kuubana mahali pa fyuzi.

"Baba mdogo alisema tusiweke kitu kingine," nikamwambia.

"Baba mdogo wako alisema pia atakuwa padri," Tata akajibu.

Nikacheka. Nilicheka sana, kama mtu mzima anayecheka utani wa mtu mzima mwenzake, na Tata akacheka kwa kuwa nimecheka, na tukapanda gari. Mengi ya utoto wangu nimeyasahau, lakini kile kicheko nakisikia mpaka leo.

Msumari ulifanya kazi vizuri kuliko fyuzi. Haukukatika. Juma la kwanza likapita, la pili, la tano, na hakuna aliyemtumia Projesti ujumbe wowote. Nami nilinyamaza, kwa sababu niliona hakuna ubaya: gari linawaka, Tata anafurahi, mimi ni Mwalimu.

Siku yenyewe tulikuwa tunampeleka Bibi Muleba kwenye kliniki ya macho. Ukungu ulikuwa umetanda. Bibi alikaa upande wa mlango, amejifunika vitenge viwili, amepakata kikapu chenye ndizi za kuchemsha na kahawa kavu ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani. Kitasa cha ndani cha mlango wake kilikuwa kimevunjika. Mlango ule ulifunguliwa kwa nje tu, na sote tulizoea. Alipochoka kukishika kikapu, nilikipakata mimi, na kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kikapu, Tata alibonyeza kitufe mwenyewe.

Mara ya kwanza gari halikuwaka. Alibonyeza tena, na mimi nikahesabu kwa sauti. Kumi na tano. Ishirini.

"Tata, achia."

"Bado, limepoa sana hili."

Nilifika ishirini na nane. Harufu ilikuja kabla ya moshi. Tata aliachia kitufe, lakini ile "tak" ya kuachia haikusikika, na moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi, mweupe, kisha mweusi, kisha nikaona mwali mdogo wa njano kando ya miguu ya Bibi. Bibi alisema tu, "Anakleti, moto." Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayemwambia mwanawe kwamba mvua imeanza. Tata alinishika shingoni na kunitupa nje kupitia mlango wake. Nilianguka kwenye majani yenye umande, kikapu bado mkononi. Yeye alizunguka mbele ya gari kwenda mlango wa Bibi, na mlango, uliozoea kufunguka kwa nje, siku hiyo ukamgomea. Nilimsikia akiupiga mateke. Nilimsikia akiita jina la mama yake. Watu walikuja na ndoo, na udongo, na vigogo vya migomba, na mwishowe mlango ukang'oka na Bibi akatolewa. Vitenge vyote viwili vilikuwa vimeshikana na miguu yake.

Aliishi majuma matano hospitalini. Projesti alikuja siku ile ile na hakuondoka; ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemgeuza, ndiye aliyemwimbia nyimbo za seminari kwa sauti ya chini wauguzi wakimfunga vidonda. Tata alikaa nje kwenye benchi, mikono yake yote miwili imefungwa bandeji. Tulimzika Bibi kibanjani, karibu na mibuni yake.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa kikao. Asubuhi hiyo, kabla watu hawajaingia sebuleni, nilimwona Projesti amesimama mbele ya pikapu iliyoungua, boneti imeinuliwa, amenipa mgongo. Alisimama pale muda mrefu. Sikumsogelea.

Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake na watoto kwenye mikeka. Aliyeongoza kikao alikuwa mdogo wake babu, mzee mkali aliyekuwa na mazoea ya kufunga macho anaposikiliza. Akamwomba Tata aeleze.

"Mimi si fundi," Tata akasema. "Nyaya alizifunga Projesti. Moto ulianzia kwenye nyaya."

Hakuna neno hata moja hapo lililokuwa la uongo. Nimeyarudia mara nyingi kichwani nikitafuta.

Projesti aliinua kichwa. "Kaka, naomba kuuliza jambo moja tu. Fyuzi niliyoiweka ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Fyuzi yenyewe?"

"Yenyewe." Halafu Tata akageuka. "Muulizeni Koku. Yeye ndiye aliyekaa na gari hilo kila asubuhi. Mtoto hasemi uongo."

Ukoo mzima ulinitazama. Nilimtazama Tata. Hakunikunjia uso, hakunikonyeza, hakunitisha kwa namna yoyote. Mikono yake yenye bandeji ilikuwa juu ya magoti kama vitu visivyo vyake, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Sema tu ulichokiona, Koku," Projesti akaniambia. "Usiogope."

"Ilikuwepo," nikasema.

Ilikuwa neno moja. Yule mzee akafungua macho. Alisema Projesti asiguse tena gari la mtu yeyote wa ukoo ule, na asikanyage kibanja kile mpaka aitwe. Projesti hakubisha. Alisimama, akampa mama yangu mkono, akachukua mfuko wake, akapita mlangoni. Aliponipita hakunitazama.

Habari za vijijini hazihitaji gari. Kabla mwezi haujaisha Bukoba nzima, au ile sehemu ya Bukoba iliyokuwa na magari ya dizeli, ilijua kwamba yule ni fundi aliyemchoma mama yake mzazi. Gereji ikamwomba akae pembeni kwanza, na hapo pembeni akabaki. Hakuitwa nyumbani. Tata aliendelea kuongoza ibada, na sauti yake iliendelea kuwa nzuri. Kwangu akawa mpole kupita kiasi. Hakunipiga tena, hakunikaripia, na sahani yangu haikukosa nyama. Lakini hakuniita Mwalimu tena hata mara moja.

Nilipofikisha miaka ishirini na mmoja nilikuwa nasoma Bukoba, na siku moja mchana nilishuka Kagondo kumtafuta. Haikuwa kazi. Nilimkuta nyuma ya chumba chake akimwagilia miche ya miti aliyokuwa akiuza, imepangwa kwenye viriba vyeusi. Kucha zake zilikuwa safi. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniangusha. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mzee, mlevi, mgonjwa, lakini si na kucha safi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Koku." Alinijua mara moja. Akaniletea kigoda, akaendelea kumwagilia.

Nikamwambia yote: msumari, kopo la maziwa, utani wa Tata, kicheko changu. Alimaliza mstari mzima wa miche kabla ya kujibu.

"Niliuona," akasema. "Asubuhi ya kikao. Ulikuwa bado mahali pake. Msumari hauungui."

"Mbona hukusema?"

"Mama alikuwa ametoka kuzikwa. Nikaona nikiuweka ule msumari mbele ya wazee, kaka naye nitakuwa nimemzika. Nikasema nimpe nafasi aseme mwenyewe. Na asiposema yeye, yupo mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi, baba mdogo."

"Najua. Na mimi nilikuwa na ishirini na minane."

Nilimwomba msamaha. Nililia, na nilipiga magoti pale kwenye matope, kama tulivyofundishwa. Alininyanyua kwa mkono mmoja, kwa upole ule ule niliomjua nao zamani, na kwa upole huo huo akaniambia, "Mengine nimeshasamehe, Koku. Hilo neno la kikaoni bado. Likifika nitakuambia." Akanipa maji ya kunawa magoti. Kisha akanisindikiza hadi barabarani, kama mgeni.

Halikufika. Miaka imepita, na tukikutana mjini tunasalimiana, ananiuliza habari za watoto, na ananiaga.

Tata alipougua ugonjwa wake wa mwisho ni mimi niliyekwenda Kishanda kumuuguza. Asubuhi moja, nimeshamwosha na kumnywesha uji, nilimwambia kwamba Projesti aliuona msumari kabla ya kikao, na kwamba alinyamaza kwa ajili yake.

"Msumari gani?" Tata akauliza, na akageukia ukutani.

Siku chache baadaye alikufa akiwa amepakwa mafuta matakatifu, na kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje. Projesti alikuja bila kuitwa, akatupa udongo kaburini kama jirani yeyote, akaondoka kabla ya chakula. Kwenye kikao cha familia nilisimama nikasema ukweli wote mbele ya waliobaki. Yule mzee wa kufunga macho alikuwa marehemu. Vijana hawakujua nazungumzia gari gani. Shangazi alinivuta gauni nikae. "Koku, mwanangu," akasema, "mambo ya pikapu ya zamani yanamsaidia nani leo?" Watu wakaitika, na mazungumzo yakarudi kwenye msalaba wa kaburi, uwe wa saruji au wa mbao.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Tata aliniita mbele ya ukoo kwa sababu nilikuwa shahidi, na kwamba yaliyofuata niliyafanya mwenyewe: yeye alidanganya kwa kujua, mimi nikadanganya kwa woga. Sasa nina binti wa miaka kumi. Mwaka jana nilipofiwa na mume wangu, nilimwona akisimama mlangoni akinitazama usoni, na nikaona waziwazi kwamba mtoto yule wakati ule angesema lolote, angeapa lolote, angemkana yeyote, ilimradi tu uso wangu ubadilike. Haikuhitaji nimwambie. Mzazi yeyote akitazamwa hivyo anajua.

Tata naye alijua. Nilipokuwa nimekaa pale kwenye mkeka nikimtazama, alijua hasa nitakachosema, na ndipo akageuka, akalitaja jina langu.